Mkono wa Ndugu Yake

Kila mwaka nilipanda pikipiki kutoka mjini Arua hadi kijiji cha Adumi kupima presha za watu walewale wa utafiti wangu. Wenzangu mjini waliponiuliza kwa nini nisitafute watu wapya, nilikuwa nawaka. Ukimpima mtu mara moja tu, utajuaje kama presha inapanda au inashuka?

Ya mzee wa nyumba ya mwisho ilikuwa ikipanda mwaka hadi mwaka. Safari ile alikaa kitini, sura ileile, akanyoosha mkono, na mashine ikasoma presha nzuri kama ya kijana. Nilifurahi, nikaandika. Kisha nikakumbuka kovu la moto nililolifunika kwa mkanda wa mashine miaka yote. Mkono huu haukuwa na kovu.

“Wewe ni nani?”

“Ndugu yake, dokta. Sisi mutu moja tu.”

Kwao ndugu husimama badala ya ndugu matangani, kwenye mahari, hata kanisani. Kumbe na kwenye presha.

“Mwenyewe yuko wapi?”

“Iko ndani. Tangu jana hapana ongea. Mdomo naenda upande.”

Nilikimbilia ndani. Kwenye daftari nilikuwa nimeshamwandika mzima.