Mwisho Usiosomwa Ndani ya Nyumba

Jua halijapanda juu ya minazi ya Tiwi, na Nthambi Mulinge ana unga mpaka kwenye viwiko. Anakata donge, analiviringisha kiganjani, analilaza kwenye kibao na kulisukuma mpaka linakuwa duara jembamba. Nyuma yake sufuria ya dengu inatokota. Haina kitunguu wala kitunguu saumu. Nyumba hii haivipiki.

Pembeni ya kibao kuna ungo. Ndani yake kunde tano zimepangwa upande mmoja, na konzi ya choroko imerundikwa upande wa pili.

"Hizi kunde ni ndugu watano," anaeleza bila kuacha kusukuma. "Hizi choroko ni binamu zao. Walikuwa mia, lakini mimi nimechoka kuwahesabu, naweka konzi. Wanagombania ufalme mmoja."

Nthambi, mwenye umri wa miaka 46, ni mpishi. Kwa miaka kumi na mmoja amempikia Jamnaben, mjane wa Kihindu aliyevuka miaka themanini, ambaye majirani wote humwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati. Kazi hiyo humpa shilingi elfu kumi na saba kwa mwezi, na chumba chake cha kupanga kiko Bongwe.

Vyombo vya mchana vikishaoshwa, Nthambi huandika michezo ya kuigiza. Ameandika mitatu, yote ikiwa imechimbuliwa kutoka tenzi kuu mbili za kale za Wahindu: ule wa mwana wa mfalme aliyepelekwa uhamishoni msituni, na ule wa vita vya ndugu na binamu zao.

Mwanzo wake haukuwa wa makusudi. Ba alikuwa na desturi ya kuketi jikoni asubuhi, akishaoga na kusali, wachague dengu pamoja. Mikono ikienda, mdomo nao ukienda.

"Nilidhani ni mzee anapunguza upweke," Nthambi anasema. "Halafu siku moja alikatiza hadithi mahali pabaya, akaenda kulala. Nikaunguza wali. Hapo ndipo nilipojua nimekamatika."

Majina yalimshinda, hivyo Ba akamfundisha kwa nafaka. Mfalme alikuwa mbaazi. Mjomba mdanganyifu alikuwa changarawe, yule ambaye kila mtu humtafuta kwenye dengu ili amtoe. Baadaye Nthambi alikuta kwenye kabati kitabu cha picha cha Kiingereza kilichoachwa na wajukuu wa Ba. Aliishia darasa la nane, lakini alinunua kamusi iliyotumika akaanza.

"Kila ukurasa nilisoma mara tatu," anasema. "Ya kwanza nijue maneno. Ya pili nijue nani anasema. Ya tatu nijue kwa nini anasema."

Kanisani wapo waliomuuliza kama amehamia kwa Wahindu. Aliwajibu kwamba hadithi si ubatizo. Lakini swali lile hakulitupa. Alilifikiria kwa muda mrefu, na tangu hapo amejiwekea mpaka.

"Miungu yao siigusi. Si mboga ya kuchuma shambani kwa mtu. Mimi nachukua ule ugomvi, na ile ahadi iliyotolewa kwa haraka. Hivyo tunavyo sote."

Mchezo wake wa kwanza aliuhamishia kisiwa cha Funzi, kwa baba mwenye wake wawili aliyeahidi asichoweza kutimiza bila kumuumiza mtoto. Kundi la maigizo la Bongwe liliucheza kwenye harusi mbili na mkutano mmoja wa wazazi. Watu walicheka palipostahili, wakanyamaza palipostahili.

Mchezo wa tatu ndio uliomletea taabu.

Baba yake, mzee Mulinge, alihamia pwani kutoka Ukambani na kupata ekari tisa kwenye mashamba ya makazi yaliyogawiwa na serikali, bara kidogo kutoka Msambweni. Kabla ya kufariki aliwagawia wanawe wawili, Mwanzia na Kaloki, na mpaka akauonyesha kwa mkorosho. Mkorosho ule ulikatwa, na kisiki chake kikang'olewa. Kila ndugu anasema aliyefanya hivyo ni mwenzake. Sasa ni mwaka wa sita hawasalimiani, na mama yao, Mbinya, mwenye magoti mabovu, anaishi kwa Mwanzia na kumwona Kaloki kwa nadra.

Nthambi, aliyekuwa akitafuta njia ya kuuleta utenzi wa vita Kwale, aliona hana haja ya kwenda mbali. Aliandika ndugu wawili, shamba moja, na mkorosho. Katika utenzi, mkubwa wa wale mia ndiye aliyekataa kuwapa binamu zake watano hata kipande kidogo cha nchi. Kwa hiyo katika mchezo, kaka mkubwa ndiye anayeingia na panga na kuukata mti.

Mwanzia ndiye mkubwa.

"Hapo nilikosea," Nthambi anakiri kwa sauti ya chini. "Mimi sijui nani aliukata. Nilifuata kitabu, nikasahau kwamba kaka yangu si choroko."

Twaiba, mwuza samaki wa Bongwe anayeigiza naye, alimwonya tangu mazoezi ya kwanza. Anaikumbuka siku hiyo kwa kicheko. "Nilimwambia, shoga, wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Wewe umechukua kalamu! Haya, utavuna nini?"

Alichovuna kilifika kwa simu. Habari za mazoezi zilikuwa zimemfikia Mwanzia, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: siku mchezo ule utakapochezwa kwenye ukumbi wa Ukunda, dada yake asikanyage tena boma la baba yao. Yaani boma analoishi mama.

Akizungumza kwa simu, Mwanzia, ambaye ni fundi wa matangi ya maji, hakupandisha sauti. "Mimi sina neno na dada yangu kuandika," alisema. "Lakini ameniweka mbele ya watu nikiwa na panga mkononi. Nani atasimama mlangoni awaambie watu wa Ukunda kwamba ule ni mchezo tu?"

Ni swali la haki. Kuuacha mchezo kulikuwa sawa na kukubali kwamba jambo lile lisisemwe kamwe. Kuucheza kulikuwa sawa na kumpoteza mama. Kundi lilikwisha kulipia ukumbi kwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti.

Akaamua kwenda kwa mama kwanza, kabla ya siku yenyewe.

"Nilimwambia, mwaitu, mama yangu, nitakusomea. Ukisema mchezo usiende, hauendi."

Walikaa barazani. Nthambi alisoma sehemu zote peke yake, akibadilisha sauti. Mwanzia alikuwa ndani, akijifanya anatengeneza redio. Nthambi alipofika penye mkorosho, sauti ikatoka dirishani: "Mkorosho ulikuwa upande wa kisima, si wa barabara!"

"Kumbe unasikia," mama akamjibu. "Basi njoo ukae."

Hakutoka. Nthambi akasoma mpaka mwisho, ambapo kaka mmoja anabaki peke yake katikati ya shamba lote. Mama akafuta miwani kwa ncha ya leso.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini hawa watu hawana mama?"

Nthambi anasema alirudi Tiwi na swali hilo likimchoma. Asubuhi yake aliutazama ungo. Kulikuwa na kunde, choroko, mbaazi, hata changarawe. Mama wa wale mia hakuwa na punje. Alimjua, ndiyo: yule malkia aliyeolewa na mfalme kipofu na kujifunga kitambaa machoni ili asione asichokiona mumewe. Lakini baada ya vita, malkia yule alikwenda wapi?

"Ba," aliuliza, "yule mama wa watoto mia, mwishoni alisema nini?"

Ba aliacha kuchagua dengu. "Hiyo haimo humu ndani," akasema.

Ndipo Nthambi alipojua kwa nini rafu ya vitabu vya Kigujarati sebuleni ina pengo. Katika ukoo wa Ba, utenzi wa vita hauwekwi wote chini ya paa moja. Ukikamilika, wanasema, watu wa nyumba hiyo watagombana. Mama mkwe wa Ba alitoa juzuu ya maombolezo, ile ya wanawake baada ya vita, akampa dada yake Mombasa.

"Nilipoolewa niliikuta hivyo, nikaiacha hivyo," Ba anasema, akiwa amejitanda sari yake nyeupe. Alipoulizwa kama anaamini, alicheka. "Kuamini sijui. Lakini wanangu hawajagombana hata siku moja. Sasa nijaribu kwa nini?"

"Wa kwetu waligombana bila kitabu chochote," Nthambi anadakia kutoka jikoni.

"Basi kwenu kulikuwa na kitabu," Ba anamjibu, "ila hamkukiona."

Ba alikataa kuisimulia sehemu ile ndani. Lakini hakukataa kuisimulia. Alimwagiza Nthambi atoe viti viwili vya plastiki, avuke navyo geti, aviweke kando ya njia, penye ukuta wa maboga-villa, kama wenyeji wanavyoliita kwa utani lile ua jekundu la kutambaa. Mbuzi walipita. Wapita njia walitoa shikamoo, na Ba alikatiza vita vya wafalme kila mara ili aitikie marahaba.

Alisimulia jinsi yule mama alivyoingia uwanjani vita vilipokwisha, akiwalilia wanawe, na wajane wa pande zote mbili wakilia naye. Washindi walikuja kusimama mbele yake.

"Nikamwuliza, aliwakasirikia?" Nthambi anakumbuka. "Ba akaniambia, sana. Lakini hakuna hata mmoja aliyethubutu kumweleza kwamba ameshinda."

Chakula cha mchana kilichelewa siku hiyo. Hakuna aliyelalamika.

Aliporudi kuandika, Nthambi alilitoa panga. Katika mchezo wa sasa mti haukatwi mbele ya watu. Pazia linapofunguka, pana shimo tu, na ndugu wawili wamesimama kila mmoja upande wake. Shimo liko upande wa kisima.

Mabadiliko hayo hayakumfurahisha Kaloki, ambaye ana karakana ya pikipiki Ukunda na alikuwa amejiandalia kiti cha mbele. "Sasa umemuosha," alimlalamikia dada yake. "Ule wa kwanza ndio ulikuwa mzuri."

"Ule wa kwanza ulikuwa mzuri kwako," Nthambi alimjibu. Anasema kwamba sasa kila kaka ana kinyongo chake, na kwa mara ya kwanza ana hisia kuwa amekaribia ukweli.

Kilichobaki kilikuwa mama. Nthambi alimwandikia maneno mengi, marefu, ya machozi, kisha akayafuta. Akarudi Msambweni kumwuliza Mbinya: akija mama pale penye shimo, aseme nini?

Mbinya alifikiri. "Asihutubie," akasema. "Wanaume wakihutubiwa hutazama pembeni. Awaulize kama wamekula."

"Hilo tu?"

"Wewe huwajui? Hilo lazima walijibu."

Twaiba ndiye atakayeigiza mama huyo. Katika mazoezi ya wiki iliyopita, alipofika penye neno hilo moja, "Mmekula?", dereva wa bodaboda anayeigiza kaka mkubwa alisahau mstari wake na kubaki amekodoa macho. Twaiba akamtania: "Jibu basi, au nikupe samaki wa jana?"

Jibu la Mwanzia lilifika Jumatatu, kupitia kwa mama. Mbinya ametangaza kwamba ataenda ukumbini, na kwa magoti yake hawezi kwenda mwenyewe. Mwanzia amekubali kumpeleka kwa pikipiki yake. Kuhusu ile amri ya boma hakusema kitu, haikufutwa wala kurudiwa. Alisema jambo moja tu: atamfikisha mama mlangoni, lakini yeye hataingia. Atabaki nje na pikipiki mpaka mchezo uishe.

Jamaa wa kundi walipoisikia habari hiyo walivunjika moyo. Nthambi aliumaliza uji wake. Kisha akauliza kama ule uwanja ulio mbele ya ukumbi una taa. Aliambiwa hauna, ila mchezo unaanza saa tisa, na jua la Agosti litakuwapo bado.

"Basi mwisho hatutauchezea ndani," aliwaambia. "Pazia likishafungwa, tutawaomba watu wote wainuke watoke nje. Ba alinifundisha kwamba sehemu hii si ya kusemwa chini ya paa."

Huo ndio mpango wake. Kaloki, atakayekuwa amekaa mbele, atalazimika kutoka pamoja na wengine. Mwanzia atakuwa amekwisha kuwa pale, ameegemea pikipiki. Ba naye ameahidi kuja, na ametaka kiti chake kiwekwe nje tangu mwanzo.

Nthambi anageuza chapati ya mwisho, anaipaka samli, anaifunika kwa kitambaa. Kisha anainama chini ya meza na kuvuta sufuria kubwa aliyoazima kanisani, ile ya kupikia sherehe. Siku hiyo, anasema, ataijaza wali na dengu, na kuiweka pale uwanjani, karibu na pikipiki. Kitunguu atatia, kwa sababu si jikoni kwa Ba. Ba atapakuliwa kutoka chungu chake mwenyewe, kisicho na kitunguu.

"Kwenye maigizo huwa tunakula hewa," anasema. "Safari hii chakula kitakuwa cha kweli. Twaiba akiuliza kama wamekula, sitaki ajibiwe na waigizaji peke yao."