Bosi Jumlisha Bahili

Intaneti ndiyo kwanza imeingia Kariakoo, nami nikajitangaza fundi. Bosi wangu, Bwana Jayanti, akanipa kazi ya kutengeneza tovuti ya duka lake, wateja watume maneno wanayotaka yachapwe kwenye kanga.

Fomu ya tovuti ikitumwa kwa njia iitwayo POST, maneno husafiri yamefichwa. Kwa njia ya GET, hubandikwa kwenye anwani ya tovuti, juu ya skrini. Fundi mimi nikaweka GET.

Nikajaribu kwa kuandika "Bosi bahili chai kavu", nikatuma. Maneno yakatoweka kwenye fomu, nikamwita bosi kwa maringo aje aone.

Akavaa miwani, akatazama juu kwenye anwani, ambako kila nafasi kati ya maneno yangu ilikuwa imegeuka alama ya kujumlisha.

"Bosi jumlisha bahili jumlisha chai jumlisha kavu," akasoma taratibu. "Haya, fundi. Jumla yake nini?"