Baba Krismasi Aliyevaa Akala

Isiolo haijawahi kupata Baba Krismasi hodari kama mimi, na sitaki ubishi.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Niliwaeleza watoto kwamba Ulaya mzee huyo hutoka kwenye barafu na kuingia nyumbani kupitia bomba la moshi. Kwa kuwa nyumba zetu za manyatta hazina bomba la moshi, kwetu angetokea porini kwa miguu. Kisha nikaaga kwamba ninasafiri kwenda Garbatulla.

Siku ya sherehe nilivua kila nguo wanayoijua, nikajifunga blanketi jekundu, nikabandika ndevu za pamba na kutokea vichakani na gunia la peremende, nikinguruma. Watoto walishangilia! Hakuna aliyenitambua.

Ila Mzee Boru, mlinzi wa shule, aliyezeeka akifuata nyayo za ngamia waliopotea. Yeye hakunitazama usoni. Alitazama mchanga.

"Salaam aleikum, mgeni. Umetoka wapi?"

"Mbali, kwenye barafu!"

"Na hizi akala za mwalimu wetu umetoa wapi?" Rungu lilikuwa mkononi.

Nilitazama viatu vyangu vya tairi. "Alinipa mwenyewe, huko Garbatulla."

Mzee alifuata nyayo zangu kurudi zilikotoka, darasa zima nyuma yake, akazunguka vichaka mpaka choo cha walimu. Aliingia, akatoka ameinua suruali yangu juu.

"Mwalimu," akaita, "kumbe barafu iko kwa choo?"