Haiko Lazima Kula

Asubuhi ya shindano langu la kwanza la sataranji nilishona mguu wa suruali ya mteja nje ndani. Nilikuwa nimejipa kazi ili mikono itulie, na mikono ikakataa. Nilifumua, nikafunika cherehani, nikakaa kumngoja Papa, baba yangu, amalize kuvaa koti lake la misa.

Nilimwalika mwenyewe, na tangu nimwalike nilikuwa najuta. Papa hajui sataranji, eshek kama tunavyoiita hapa. Anachokijua ni dame, mchezo wa vifuniko vya chupa kwenye ubao, na hapa Nyalukemba wanaume wengi wameinuka mbele yake wamenuna. Mimi nimecheza naye tangu miguu yangu ilipokuwa ikining'inia kwenye kiti, na sijamshinda hata siku moja. Sasa nina watoto wangu na karakana yangu ya kushonea, lakini siku ile nilitaka jambo moja tu: Papa anione nikishinda.

Katika dame ya Papa, kula ni lazima. Ukikuta kifuniko cha mwenzako kiko wazi, unakila, hata kama kitakuponza. Usipokila, mwenzako anachukua kile kifuniko chako kilichozembea, anakiinua hadi mdomoni, anakipuliza, fuu, na kukiweka kando. Kimekufa. Papa alikuwa akikipuliza kikielekea usoni mwangu, na nilikuwa naiogopa ile pumzi kuliko fimbo. Nilikua nikiwa na macho yanayotafuta kwanza cha kula.

Eshek niliikuta ukubwani. Klabu hukutana kwenye darasa lililo nyuma ya karakana yangu, nikaanza kwa kuchungulia dirishani, nikaishia kuwa na kiti changu. Wenzangu walinisifu kwamba ninajifunza haraka. Niliwaamini, mjinga mimi.

Shindano lilifanyika kwenye ukumbi wa parokia. Meza zilikuwa zimepangwa, na kila meza ilikuwa na saa yenye vibonye viwili, kila mchezaji anabonyeza chake. Muda wangu ulikuwa ukipungua mbele ya macho yangu. Msimamizi alisoma masharti: watazamaji wakae kimya, na ukigusa kipande chako umekicheza. Papa alikaa kwenye benchi la ukutani, fimbo yake kati ya magoti, nyuma kidogo ya bega langu. Nilihisi macho yake shingoni kama ukosi wa shati uliobana.

Aliyeketi mbele yangu alikuwa msichana wa sekondari, shati jeupe na sketi ya bluu. "Bonjour, maman," alinisalimia, na kwa sekunde moja nikapata nafuu. Mtoto huyu, nikawaza. Nafuu yenyewe haikudumu, kwa sababu alicheza bila kupapasa wala kusita, wakati mimi kila nilipobonyeza saa kidole kiliteleza kwa jasho.

Hata hivyo nilijitahidi. Mfalme wangu alijificha kwenye kona nyuma ya askari wake, na ngome yangu moja ikalinda mstari wa nyuma ili adui asiingie mlango huo. Tulikuwa sawa kwa sawa. Ndipo yule msichana akachukua farasi wake na kumweka mbele ya ngome yangu, hana mlinzi, wazi kabisa.

Kichwa changu kiliniambia ukweli. Ngome ikitoka, nyuma kunabaki wazi. Nilisikia vizuri, siwezi kusingizia kwamba sikuona. Lakini nyuma yangu benchi lililia, nikajua Papa ameinama mbele, naye ameona chakula, naye anangoja. Shingo yangu ikasubiri ile pumzi. Mkono ukaenda wenyewe.

Nilipoigusa ngome tu, nilijua. Nilikaa nimeishika kwa muda mrefu kana kwamba itabadilika mkononi. Kisha nikamla farasi, kwa kuwa sharti ni sharti. Msichana aliteremsha ngome yake mpaka mwisho wa ubao, hadi kwenye mstari nilioacha, na mfalme wangu akafia humo humo kwenye kona, amezibwa na askari wake mwenyewe.

"Mat," alisema taratibu, neno la kumaliza mchezo. Halafu, kwa kuwa alilelewa vizuri, akaongeza kwa sauti ya chini, "Maman, mu eshek haiko lazima kula."

Nilimpa mkono, nikaenda kunawa uso. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Katika mchezo wa pili nilikalia mikono yangu. Mpinzani wangu, bwana mmoja mwenye miwani, aliniachia askari, na woga uliponipanda ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, maana sasa nilijua ninachokiogopa. Nilitazama na kutazama. Ulikuwa mtego. Nikasogeza kitu kingine, nikabonyeza saa.

Kutoka benchini ikasikika: fuu.

Ukumbi mzima uligeuka. Msimamizi alimwendea. "Papa, tunaomba kimya."

"Ameacha chakula," Papa alimjibu, kama mtu anayeshitaki wizi.

Watu walicheka, na mimi nilitamani kuingia chini ya meza. Mchezo ule uliisha sare. Michezo iliyofuata nilishindwa yote.

Tulipanda kilima kurudi nyumbani. Nilingoja anikaripie, nikaandaa majibu, nikayasahau. Karibu na nyumbani alisimama apumzishe mguu.

"Juu ya nini haukukula ule askari?"

"Haiko lazima, Papa."

"Nani alikuambia?"

"Ule mutoto mwenye alinishinda."

Aliinua fimbo yake, akaendelea kupanda, na usiku ule nililala nikijua nimemwaibisha.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alikuja kwangu na fimbo yake, akasukuma kando nguo zilizokuwa mezani. "Mama, lete ile ubao yako. Unionyeshe."

Nilimfundisha namna kila kipande kinavyokwenda. Alichanganya, akanilaumu, akaanza upya. Kisha nikafanya alichonifanyia yule msichana: nikamweka farasi wangu wazi mbele ya ngome yake.

Mkono wa Papa uliruka. Ukasimama hewani, juu kidogo ya ubao. Alitazama mstari wake wa nyuma kwa muda mrefu. Mwishowe aliurudisha mkono polepole, akaukalia kama alivyoniona nikifanya.

Halafu akafumba macho, akakaza mashavu, na kurudisha uso nyuma kidogo. Nilimfahamu mtoto aliyekaa namna hiyo, kwa kuwa ni mimi. Sikuwa nimewahi kujiuliza Papa alifundishwa dame na nani.

Alikuwa anangoja nipulize.

"Fumbua macho, Papa," nilimwambia. "Ni zamu yako bado."