Kadi Elfu Mbili za Dada Atieno

Kadi ngumu ikikaa miaka mingi ndani ya kitabu hutoa harufu ya vumbi na gundi, kama dawati la shule siku ya kwanza ya muhula. Ninazo tatu, za manjano hafifu, zilizotobolewa vitundu vidogo vya mstatili, nami huzitumia kuwekea alama ninaposoma. Kila nikizinusa nakumbuka chumba kimoja cha mtaa wa Migosi, dirisha lake la nondo, na mlango uliofungwa kwa kufuli kutoka nje.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Dada yangu Atieno alikuwa amepata kazi mjini Kisumu, katika ofisi ambako wasichana walitoboa kadi kwa mashine zenye kelele. Kadi hizo zilipelekwa Nairobi kwa treni ili kompyuta izisome. Alinichukua nyumbani, karibu na Pap Onditi, nikae naye wiki moja. Wiki ikaisha. Mama alikuwa karibu kujifungua, na nilikuwa nimeahidiwa kwamba mimi ndiye nitakayembeba mtoto. Nikafunga nguo zangu kwa leso. Atieno akazifungua.

"Bado," alisema. Kila asubuhi alipotoka, nilisikia kufuli likibana.

Jioni moja nililia mpaka majirani wakagonga ukuta. Akanitupia kadi mbovu alizokuja nazo kutoka kazini.

"Haya, nyamaza. Kadi moja ina safu themanini. Safu moja, herufi moja. Sanduku moja lina kadi elfu mbili. Niambie sanduku zima linabeba herufi ngapi. Ukipata, nakupeleka nyumbani."

Nilipata usiku huohuo, au nilidhani nimepata. Sokoni kwetu gorogoro nane za mahindi zilijaza debe, lakini hakuna mama aliyeuza debe bila kuongeza konzi moja juu. Debe lisilo na nyongeza lilikuwa aibu. Kwa hiyo nilizidisha themanini kwa elfu mbili, kisha nikaongeza kadi moja ya heshima.

"Si hiyo," alisema Atieno. Hakuniambia kosa liko wapi. Ofisini kwao msichana wa pili alipiga upya herufi za kila kadi ya mwenzake, na herufi zisipolingana mashine ilijifunga tu, bila maelezo. Ndivyo alivyonifanyia. Nilirudia hesabu ile siku tatu, na siku zote tatu niliongeza kadi yangu ya heshima.

Aliyeniokoa ni Mama Wanjiru, jirani aliyetoka upande wa Murang'a, aliyeuza kabichi chini ya dirisha letu. Nilimsomea hesabu kupitia nondo. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe mtoto, hiyo mashine ni kastoma yako? Unaipatia nyongeza ya nini?"

"Si ni adabu, Mama?"

"Adabu peleka kwa mama yako. Mashine haina haya."

"Basi nipeleke. Una ufunguo?"

Kicheko kikakatika. Akaanza kupanga upya kabichi zilizokuwa zimepangika vizuri. "Kaa tu, mtoto yangu. Magari ya kwenu hayapiti siku hizi."

Miaka mingi baadaye, nilipoanza kujifunza kompyuta peke yangu, nilikuta kwamba kilobaiti moja si baiti elfu kamili bali 1,024. Nilicheka peke yangu: konzi ya ishirini na nne juu ya debe! Lakini sababu yake si ukarimu. Mashine hujenga vipimo vyake kwa kuzidisha mara mbili. Anza na moja, izidishe kwa mbili mara kumi, utafika 1,024. Kwa kuwa baiti moja hubeba herufi moja, sanduku la dada yangu lilikuwa kilobaiti mia moja hamsini na sita na robo. Wakati ule sikuwa na maneno hayo. Nilikuwa na laki moja na sitini elfu, na leso iliyofungwa tayari.

"Sahihi," alisema Atieno. Kisha akaongeza haraka, "Sasa kuna utepe." Utepe wa sumaku kule Nairobi, kama alivyofundishwa, ulimeza masanduku mia moja. Ni herufi ngapi? Nikapata milioni kumi na sita. Ni kadi ngapi? Laki mbili. Daftari lako likijazwa kurasa zote, ni kadi ngapi, na utepe utameza madaftari mangapi? Nilikuwa kama mbuzi aliyefungwa mtini: kila nilivyozunguka, kamba ilizidi kuwa fupi.

Siku ya Ijumaa alinikuta nimemaliza yote. Nikamkabidhi daftari. "Lete lingine," nilimwambia kwa kiburi.

Alilisoma taratibu. "Juu ya utepe sijui kuna nini. Hawakutufundisha."

"Basi twende."

Akakaa kitandani bila kuvua viatu. "Mama alituma neno kwa utingo wa basi. Kipindupindu kimeingia kijijini. Alisema nikufungie, usije ukatoroka kwenda. Akasema nisikuambie."

"Mama yuko hai?"

"Jumatatu alikuwa hai."

Tulienda nyumbani mwezi uliofuata. Mama alikuwa hai, amekonda, na mtoto alikuwa mgongoni mwa shangazi. Adhiambo, niliyezoea kuteka maji naye, alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba yao, na nyasi zilikuwa zimeanza kuota juu yake.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kisa cha dada aliyenidanganya kwa hesabu. Sasa nina binti mwenye umri aliokuwa nao Atieno wakati ule, miaka kumi na tisa, na bado hunipigia kelele akiona mende. Atieno alirudi chumbani kila jioni akiwa na swali moja ambalo hakuna aliyeweza kumjibu. Alibaki nalo yeye, akanipa mimi yale yenye majibu.