Dawa Inayobakiza Magugu

Juzi, kwenye duka la pembejeo hapa Ifakara, mama mmoja wa Namawala aliweka juu ya kaunta chupa tupu ya dawa ya magugu, kama anayerudisha sahani chafu.

"Shikamoo, mama," muuzaji akasema.

"Marahaba. Mwanangu, dawa yako imemaliza kila kitu. Vyura kimya, mboga za kwenye majaruba ya mpunga hakuna. Huna inayobakiza magugu kidogo?"

"Ya nini tena?"

"Nimekosana na wifi yangu. Zamani tungepatana kwenye palizi. Mkiinama jaruba moja siku nzima, utamnyimaje mtu salamu? Sasa mume wangu anapuliza asubuhi moja, basi, wifi hana sababu ya kuja."

"Mpigie simu."

"Anakata. Nitatuma mtu amwambie dawa yako feki, magugu yamenishinda, aje anisaidie."

"Utaniulia biashara!"

"Wateja unao wengi, baba. Mimi wifi ni huyo mmoja."

Muuzaji akanigeukia mimi, mteja mwingine, nimtetee. Nilikuwa nimeshika chupa ya dawa ileile, na najua uongo ni dhambi. Nikasema, "Hata mimi nasikia siku hizi haiui."

Mungu najua husamehe. Wifi ndiye wa kuombewa naye asamehe.