Rangi ya Chumba cha Mama

Mimi ni mtu wa kusumbuliwa na rangi. Nikiingia nyumba ya watu, kabla sijamaliza kuitikia salamu macho yameshapanda ukutani, yameshuka kwenye makochi, yameona kwamba pazia la zambarau linagombana na zulia la kijani, na mpaka naaga sijatulia. Mume wangu, ambaye kwake rangi ni mbili tu, inayochafuka upesi na isiyochafuka upesi, husema nina ugonjwa. Tulipokwenda Hifadhi ya Kitulo kuangalia maua ya porini, wenzangu walipiga picha wakifurahi, mimi nilirudi nimeudhika. Njano imekaa ubavuni kwa zambarau, nyekundu imejichomeka katikati, hakuna aliyepanga, na bado inapendeza. Nyumbani kwangu Njombe naweza kuhangaika wiki nzima na mto mmoja wa kochi.

Kwa hiyo mama yangu alipokubali kuja kukaa nasi, kitu cha kwanza nilichofikiria ni ukuta.

Alikubali kwa shingo upande. Tangu baba afariki alikuwa akiishi peke yake Makambako, kwenye nyumba waliyojenga walipohama Mdandu. Presha ya macho ilikuwa imelichukua jicho moja, na la pili lilikuwa likiona kwa kubahatisha, ingawa yeye alisema anaona vizuri tu. Alimtambua kila mtu kwa sauti na kwa mwendo, nasi tukamwamini. Kisha jirani akanipigia simu kwamba mama amemimina maji ya moto nje ya kikombe, akaungua mkono. Nikaenda kumfuata, akakataa. Nikaenda tena, akasema atajaribu, lakini pakimshinda atarudi kwake na nisimzuie. Nilijua akirudi hatatoka tena, na siku moja nitapigiwa simu mbaya kuliko ile. Hofu hiyo nilitembea nayo kila mahali.

Nyumba yake ya Makambako siipendi, niseme ukweli. Kuta zimepakwa rangi ya mafuta ya kijani kutoka chini hadi usawa wa kiuno, juu yake krimu, na kati ya hizo mbili umepita mstari mweusi. Milango ni ya bluu. Ukikaa sebuleni unasubiri muuguzi aje akuite jina. Baba ndiye aliyeshika brashi, lakini mama ndiye aliyeamuru. Kule Mdandu, Krismasi ikikaribia, wanawake walisiliba nyumba kwa udongo: mweupe juu, mwekundu au mweusi chini, na mlango na madirisha yakazungushiwa utepe wa udongo wa rangi nyingine. Mama alikuwa fundi wa kazi hiyo, watu walikuja kumwazima. Alipohamia kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma alihama na utepe wake, akaupata ndani ya kopo la dukani. Mimi niliapa kwamba nikijenga, nyumba yangu haitakuwa na mstari hata mmoja.

Rangi ya kwanza ya chumba chake niliinunua huko huko Makambako, siku ile aliyokubali. Ilikuwa bluu hafifu. Nilisimama nayo nje ya duka kwenye jua na upepo wa kule, nikaona nimepata. Fundi akaipaka Njombe, mwezi wa sita, ukungu umekaa juu ya nyumba karibu kutwa nzima, na ile bluu ikageuka majivu. Chumba kikawa cha kutia baridi hata ukikitazama kwa mbali. Nikabadilisha taa. Nikafungua pazia, nikafunga. Fundi akaniambia rangi haina kosa, Makambako na Njombe haziangaliwi na jua moja, na kwamba mtu wa huku anunue rangi huku. Sikupenda kuambiwa, lakini nikamwagiza apake upya.

Safari hii nikachagua krimu, na nikasema nitafanya kazi ya mtu mzima. Ukuta krimu. Pazia rangi ya maziwa. Shuka na blanketi za jamii hiyo hiyo. Kabati la ukutani krimu, na mlango pia krimu pamoja na fremu yake, ili jicho lisikwame popote. Fundi aliniuliza mara mbili kama kweli na mlango. Nikamwambia na mlango. Kazi ilipokwisha nikasimama katikati ya chumba, na kwa mara ya kwanza tangu ile simu ya jirani nikavuta pumzi hadi chini.

Mama akaja. Akapapasa ukuta, akasifu ulaini wake, kisha akauliza mbona mlango sikuuzungushia utepe. Nikacheka, nikamwambia mambo hayo siku hizi hayapo. Akasema sawa.

Hakukaa humo. Asubuhi nilimkuta kwenye ukingo wa kitanda, amevaa, kimya, na nikiingia tu aliinuka haraka akanifuata jikoni. Huko ndiko alikoshinda, kando ya jiko la mkaa, kwenye kuta nyeusi kwa moshi ambazo sikuwa nimezifikia. Begi lake hakulifungua. Chai akawa anaonja na kuweka chini, yeye ambaye bila vikombe vya kutosha haongei na mtu. Na kila baada ya chakula cha mchana aliuliza, kwa upole kabisa, nani anakwenda Makambako.

Nilijua sababu, au nilidhani najua. Chumba hakimpendezi. Amezoea rangi zake za zahanati, sasa ananiadhibu. Nikaleta mto wa rangi ya haradali kukichangamsha. Ukaonekana kama kiraka, nikautoa. Nikabadilisha pazia. Nikageuza kitanda kitazame dirisha, siku mbili nikakirudisha, halafu nikakisukuma kwenye ukuta mwingine kabisa. Kila nilipogusa kitu mama alizidi kuwa mnyonge, na kila alipokuwa mnyonge mikono yangu iliwasha kugusa kingine. Mume wangu akasema nimwache mama akae. Nikamjibu vibaya, kwamba atakaaje mtu ambaye hataki kukaa.

Basi siku moja mchana nilitoka kwenda sokoni, nikamwacha amejilaza, nikasahau pochi, nikarudia njiani. Nyumba ilikuwa kimya. Nilipofika kwenye korido nikasikia kiganja kikipiga ukuta kwa ndani, taratibu, kikasogea, kikapiga tena. Nikafungua.

Mama alikuwa kwenye kona ya kabati, amenipa mgongo, mikono yote miwili iko ukutani. Kanga yake ilikuwa imelowa, na sakafu pia. Alisikia mlango ukifunguka upande asioutegemea, asigeuke. Mimi nikamwita, mkono wangu bado uko kwenye kitasa.

Akasema, bila hasira, "Chumba chako hakina mlango."

Nikasema upo, Mama, huu hapa.

"Kwangu naona kijani kinapoishia, nafuata. Hapa naona maziwa tu." Akafuta mkono kwenye kanga. "Nirudishe kwangu, mwanangu. Sitaki kuwa mtu wa kungoja kupelekwa chooni."

Chai nayo nikaielewa palepale, na begi, na kule kuinuka haraka kila nikiingia. Nilimwogesha kwa maji ya moto, nikambadilisha nguo, na wakati wote huo yeye ndiye aliyenibembeleza mimi, maana nililia mpaka nikamkera. Sikumwambia asiondoke. Nilimwomba siku chache tu, na akanipa kwa sababu hakuna mtu wetu aliyekuwa anakwenda Makambako kesho yake.

Fundi alikuja jioni ile ile. Nilimwambia mlango na fremu apake rangi ya damu ya mzee, ule wekundu uliokolea. Ukuta kuanzia chini hadi kiunoni, kijani cha mafuta, kile kile cha zahanati. Apige na mstari mweusi. Mlango wa choo upande wa pili wa korido, bluu. Alinitazama kama mtu anayesubiri nicheke, na alipoona sicheki akauliza shuka na blanketi za rangi ya maziwa zitaendana na nini hapo. Nikamwambia hazitaendana na kitu. Kitanda tukakirudisha mahali kilipokuwa siku mama alipofika, nami nikajiapiza sitakigusa tena.

Mama alilala chumbani kwetu mpaka harufu ya rangi ilipoisha, mume wangu akahamia kwenye kochi bila kunung'unika. Chumba kilitoka kibaya. Nasema hivyo hata leo: kijani kinamvuta mtu huku, damu ya mzee inamvuta kule, krimu imebaki juu peke yake haina mwenyeji. Nilipomwingiza mama sikumweleza chochote. Alisimama mlangoni kidogo, akapitisha mkono kwenye fremu kutoka juu mpaka chini, akaenda kukaa.

Asubuhi yake nilijifanya nakunja nguo kwenye korido. Nguo zenyewe zilikuwa zimeshakunjwa. Kitasa kikazunguka, mlango ukafunguka, mama akatoka mwenyewe, mikono yake iko ndani ya kanga kwa sababu ya baridi, haishiki ukuta. Akauelekea mlango wa bluu. Nikatupa nguo, nikamfuata kwa nyuma hatua kwa hatua, mikono nimeinyoosha tayari kumdaka.

Akasimama, bila kugeuka.

"Unakwenda wapi?"

"Nakusindikiza, Mama."

"Kwani mimi ni mgeni humu?"

Akaingia, akafunga komeo.